Barua ya Wazi kwa Waandishi na Walimu wa Programu Wanaoihudumia Maniema ya Kusini: Andikeni Upeo wa Kitanzi

Waheshimiwa mainjinia, walimu na wakuu wa idara za informatike wa Kindu, Kasongo, Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kinshasa,

Ninawaandikia hadharani kutoka Kasongo na Kabambare, wala si kwa mmoja wenu faraghani, kwa sababu jambo lenyewe halina mwenyewe mmoja. Programu itakayotumiwa na muuguzi wa zoni ya afya ya Kunda au Lusangi inaweza kuandikwa Goma, kukaguliwa Kinshasa na kulipiwa Ulaya. Ikiharibika, mwandishi atasema majaribio yote yalipita, mkaguzi atasema alikabidhiwa orodha ya majaribio yaliyopita, na mlipaji atasema aliona alama za kijani tupu. Wote watatu watakuwa wanasema kweli, na muuguzi atabaki na ripoti isiyofika, au iliyofika mara mbili. Kinachokera ni hicho: majaribio yanayopita bila mtu kujua yamethibitisha nini.

Nazungumzia programu za asinkroni zinazoandikwa kwa Python, na hasa upeo wa kitanzi cha matukio (event loop), yaani mahali kinapoanzia na kuishia, wakati wa kuzijaribu. Dai langu ni moja, nami nitalitetea mpaka mwisho wa barua hii: upeo wa kitanzi ni sehemu ya maana ya jaribio. Anayeuacha bila kuuandika, akaridhika na chochote ambacho chombo cha kujaribia kimemchagulia, hana haki ya kusema programu yake imejaribiwa. Amejaribu kitu, ila hajui ni kitu gani.

Msije mkadhani jambo hili ni anasa ya watu wa miji mikubwa. Asinkroni ni namna ya kuandika programu ili isikae bure wakati inangoja. Ombi likitumwa kwenye seva, programu haisimami. Hulikabidhi kwa kitanzi, ikashika shughuli nyingine, na jibu likifika kitanzi huiamsha kazi iliyokuwa ikilingoja. Moduli ya asyncio iliingia katika Python 3.4 mwaka 2014, na sintaksia ya async na await ikafuata katika toleo la 3.5 mwaka 2015. Mwenye mtandao wa kasi anaweza kuiona kama njia ya kuongeza mwendo. Huku kwetu kungoja ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe: rezo hukatika katikati ya ujumbe, umeme wa jua huisha jioni, na jibu la seva huja likiwa limechelewa au lisije kabisa. Maniema ina zoni za afya 18, na kila zoni inatakiwa kutoa taarifa ya magonjwa ya mlipuko kila wiki, surua na kipindupindu yakiwemo. DHIS2, mfumo ambao nchi inautumia kukusanyia takwimu za afya, umeandikwa kwa Java. Lakini programu ndogo zinazouzunguka, za kupokea jumbe fupi, kuhamisha data na kutuma vikumbusho, ndizo Python inazozifaa sana. Mwandishi wa programu ya namna hiyo asipojua kitanzi chake kinaanza wapi na kuishia wapi, atakayelipa ni mtu wa huku. Malalamiko yangu ni manne.

1. Mnakichukulia kitanzi kana kwamba kiko kila mahali na ni kimoja. Sivyo. Kitanzi ni kitu kamili ndani ya programu: kina orodha ya soketi kinazoziulizia kwa mfumo endeshi, kina saa zake za kuamsha kazi, kina foleni ya kazi zilizo tayari. Muunganisho wa hifadhidata ukifunguliwa ndani yake, soketi yake huandikishwa katika orodha hiyo. Jibu linalosubiriwa nalo hubeba kumbukumbu ya kitanzi kilichoahidi kulileta. Boni iliyotolewa na depo ya Kasongo haitoi mzigo katika depo ya Kabambare, hata kama karani ni yule yule na mzigo ni wa aina ile ile; na muunganisho uliozaliwa katika kitanzi kimoja hauhudumiwi na kingine. Ndiyo maana akiba ya miunganisho ya asyncpg, au kikao cha aiohttp, vikibebwa kutoka kitanzi hadi kitanzi, Python hulalamika kwamba kazi imepokea jibu lililofungwa kwenye kitanzi tofauti, au kwamba kitanzi kimekwisha kufungwa. Hayo ndiyo makosa mema, kwa sababu yanapiga kelele. Yapo yanayonyamaza. Tangu Python 3.10 ya mwaka 2021, kufuli na foleni za asyncio hazifungamanishwi na kitanzi zinapoundwa, bali siku ya kwanza zinapolazimika kumfanya mtu angoje. Kufuli ambayo haijagombaniwa na kazi mbili inaweza kupita vitanzi kumi bila neno. Jaribio lisilo na mgombano litapita, mwandishi atafurahi, na siku kazi mbili zitakapoigombania ndipo atakapojua kuwa alikuwa akiibeba mahali pasipo pake. Kupita kwa jaribio la namna hiyo hakukuthibitisha usalama wa kufuli. Kulithibitisha tu kwamba siku hiyo hapakuwa na foleni.

2. Mnachanganya maswali mawili yasiyofanana. Programu-jalizi ya pytest-asyncio, iliyoanzishwa na Tin Tvrtković na sasa ikitunzwa na jamii ya pytest, chombo cha Python cha kuendeshea majaribio, inajua ngazi tano za upeo: jaribio moja, klasi, moduli, pakeji, na kikao kizima cha majaribio. Ngazi hizo zinajibu maswali mawili. La kwanza: maandalizi haya ya jaribio (fixture) yatadumu mpaka lini kabla ya kujengwa upya? La pili: maandalizi haya, na jaribio lenyewe, yatatekelezwa ndani ya kitanzi kipi? Kwa kweli chombo chenyewe kilichelewa kuyatenga. Toleo la 0.23 la Desemba 2023 lilileta vitanzi vya ngazi mbalimbali, lakini likauacha uhai wa maandalizi na kitanzi chake vimefungwa pamoja, na timu nyingi zikaamua kubaki katika toleo la 0.21. Agosti 2024 toleo la 0.24 likaleta neno loop_scope, na maswali mawili yakapata majibu mawili. Machi 2025 toleo la 0.26 likatoa mpangilio wa kuchagua kitanzi cha kawaida cha majaribio yote. Mei 2025 likaja toleo la 1.0. Tangu hapo kisingizio cha kwamba chombo hakieleweki kimepungua nguvu, lakini mtego umebaki, na ni huu: usipoandika chochote, jaribio hupewa kitanzi chake binafsi, kumbe maandalizi huchukua kitanzi cha ngazi ile ile ya uhai wake. Kwa hiyo mtu akiandika maandalizi ya kufungua akiba ya miunganisho kwa kikao kizima, yatatekelezwa katika kitanzi cha kikao, na jaribio litakaloitumia akiba hiyo litatekelezwa katika kitanzi kingine kabisa. Angalieni pia upande ambao chombo kinakataa na upande ambao kinakubali. Kikiona maandalizi ya kikao kizima yameagizwa yatumie kitanzi cha jaribio moja, kitakataa pale pale, kwa kuwa chenye maisha marefu hakiwezi kutegemea chenye maisha mafupi. Lakini jaribio la kitanzi kifupi likiomba kitu kilichozaliwa katika kitanzi kirefu, chombo hakisemi lolote; kinawaachia ninyi kujua kama kitu hicho kimefungwa na kitanzi au la. Hapo ndipo elimu inapohitajika, na ndipo inapokosekana.

3. Mkikutana na kosa la vitanzi kutofautiana mnakimbilia dawa ya haraka: kuweka kila kitu, maandalizi na majaribio, katika kitanzi kimoja cha kikao kizima. Kosa hutoweka, alama zinarudi kijani, na kazi inakabidhiwa. Nasema dawa hiyo inatibu kelele na kuuacha ugonjwa. Kitanzi cha jaribio moja kina faida ambayo watu huisahau: jaribio likiisha kinafungwa, na kazi zilizoachwa nyuma zinafutwa nacho, hivyo haziwezi kugusa jaribio linalofuata. Kitanzi cha kikao hakifungwi mpaka mwisho. Fikirini programu inayotuma ripoti ya wiki na, isipopata jibu, huacha kazi nyuma ya pazia ya kuituma tena baada ya muda. Jaribio la kwanza linakwisha, lakini ile kazi inaendelea kulala ndani ya kitanzi. Inaamka katikati ya jaribio la tano na kutuma ripoti ya kwanza kwa mara ya pili. Jaribio la tano likiwa linahesabu ripoti, litaanguka bila hatia, na mtu atapoteza siku kuchunguza msimbo usio na kosa. Likiwa halihesabu, litapita, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu kosa halisi, yaani kazi isiyo na mwenye kuisimamisha, litasafirishwa mpaka Kabambare. Huko litakuwa wagonjwa wawili wa surua mahali palipokuwa na mmoja, au malipo ya simu yaliyokatwa mara mbili. Kuna pia kosa la kinyume: jaribio la sita linapita kwa sababu tu jaribio la pili liliacha muunganisho wazi. Liendesheni peke yake, litaanguka. Jaribio ambalo jibu lake linategemea nani alitangulia si ushahidi.

4. Mnafundisha kwa mifano iliyokwisha kufa. Mifano mingi inayonakiliwa kutoka mkono hadi mkono bado inaandika upya maandalizi yaitwayo event_loop ili kuyapa uhai wa kikao. Ndiyo njia tuliyokuwa nayo zamani. Ilianza kukatazwa katika toleo la 0.23 na ikaondolewa kabisa katika 1.0. Mifano mingine inaita asyncio.get_event_loop popote ilipo na kutarajia kitanzi kizaliwe chenyewe, ilhali Python 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, hutoa kosa pale ambapo hakuna kitanzi. Mwanafunzi wa Goma akikwama anaweza kutafuta jibu jioni ile ile. Mwanafunzi wa Kabambare hununua megabaiti, hungoja rezo, hufungua kurasa za Kiingereza zinazojibu kuhusu toleo ambalo hana, na mwisho huamua kwamba kujaribu programu ni kazi ya wengine. Mwalimu anayempa mfano bila kumtajia toleo lake amempa kazi ya kukisia, na kukisia huku kwetu kunagharimu pesa.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini niwasumbue kwa jambo la mipaka ya kipimo, ilhali kipimo chenyewe kimefanyika. Namjibu kwa historia ya Kasongo yenyewe. Katika miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, uliofanya kazi na Taasisi ya Tiba ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, uliifanya zoni hii ijulikane kwa wataalamu wa afya ya jamii duniani. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa timu ya mradi huo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliona kwamba katika umri ambao surua huua zaidi, waliochanjwa walikufa kwa uchache kuliko wasiochanjwa. Lakini walipoendelea kuwafuata watoto wale wale, waliona tofauti hiyo ikipungua. Mjadala uliofuata ulikuwa mrefu, na tafiti za baadaye mahali pengine zilionyesha kwa nguvu kwamba chanjo ya surua inaokoa maisha, jambo ambalo hakuna wa kulitilia shaka leo. Ninachokichukua humo si hukumu juu ya chanjo. Ni nidhamu ya wale watafiti: walitangaza dirisha lao, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, katika kichwa chenyewe cha makala, na kwa sababu hiyo waliowapinga waliweza kuwapinga kwa hoja. Jibu lilitegemea dirisha, na dirisha lilikuwa wazi kwa kila msomaji. Hicho ndicho ninachowadai ninyi. Upeo wa kitanzi ni dirisha la jaribio lenu. Uandikwe ili asiyekubaliana nanyi aweze kusema ni wapi mmekosea.

Najua majibu mtakayonipa, na mengine yana uzito. La kwanza ni la mwendo: kufungua muunganisho mpya kwa kila jaribio kunachelewesha, na majaribio yanayochelewa hayaendeshwi. Ni kweli, lakini mnaunganisha vitu viwili visivyo na ulazima wa kuungana. Kinachochukua muda mrefu zaidi ni kuunda hifadhidata, kujenga majedwali na kuingiza data za mwanzo. Kazi hiyo haihitaji kitanzi hata kidogo. Inaweza kuandikwa kama maandalizi ya kawaida yasiyo ya asinkroni, yakadumu kikao kizima bila kufungwa na kitanzi chochote. Kinachofungwa na kitanzi ni muunganisho, na kufungua muunganisho kwenye hifadhidata iliyo katika kompyuta ile ile ni gharama ndogo. Wanaotumia SQLAlchemy wameambiwa na mwongozo wake wenyewe kwamba injini ya asinkroni yenye akiba ya kawaida isishirikishwe baina ya vitanzi. Wazime akiba hiyo kwa NullPool, au waifunge injini kabla ya kuvuka. Tengeni kinachogharimu na kinachofungwa, na hoja ya mwendo itapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Jibu la pili ni zito zaidi. Mtasema: kazini programu huendesha kitanzi kimoja tangu inapowashwa mpaka inapozimwa, kwa hiyo kitanzi cha kikao ndicho kinachofanana na hali halisi. Nakubali nusu. Yapo makosa yanayoonekana tu pale kitanzi kinapoishi muda mrefu, kama vile kazi zinazorundikana au miunganisho isiyorudishwa kwenye akiba, na majaribio machache yaandikwe kwa ajili hiyo, kwa kitanzi kirefu kilichotajwa wazi. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu inasahau mahali programu inapoishi. Kompyuta ya zoni ya afya isiyo na umeme wa kudumu huzimwa na kuwashwa mara nyingi, na mara nyingine huzimika katikati ya kazi. Kwa programu ya namna hiyo, kufungua na kufunga vizuri ni jambo la kila siku, si jambo la nadra. Kitanzi kipya kwa kila jaribio kinailazimisha programu ithibitishe kila mara kwamba inajua kuanza upya na kusafisha nyumba yake. Kwa mazingira ya Kasongo, hicho ndicho kitanzi kinachofanana na hali halisi.

Jibu la tatu: basi tuachane na programu-jalizi, maana inabadilika mno. Hilo silipingi. Maktaba ya kawaida ya Python ina IsolatedAsyncioTestCase tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019. Inakupa kitanzi kipya kwa kila jaribio, wala haihitaji kupakua kitu. Kwa darasa lenye rezo haba ni mwanzo mzuri sana, ingawa hutapata humo maandalizi ya pytest kama ulivyoyazoea. Na wale wanaosema programu ndogo haihitaji asinkroni kabisa wana haki pia. Anayepokea ripoti ishirini kwa wiki aandike msimbo wa kawaida, usomeke, alale usingizi. Asinkroni isiyokuwa na sababu ni mzigo. Lakini aliyekwisha kuichagua amechagua na kitanzi chake, hawezi kuchukua kimoja akakikana kingine.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba mambo matano, na yote yamo ndani ya uwezo wenu.

1. Andikeni upeo katika faili la mpangilio la kila mradi. Mistari miwili inatosha: asyncio_default_fixture_loop_scope na asyncio_default_test_loop_scope, zote mbili zikiwa function. Faida haiishii kwenye unadhifu. Mkishaandika hivyo, maandalizi ya kikao kizima yasiyotaja kitanzi chake yatakataliwa papo hapo, badala ya kuingia kimya katika kitanzi kisichotarajiwa. Kosa lililokuwa likijificha litakuja lenyewe mezani.

2. Upeo mpana utolewe kwa sababu iliyoandikwa. Moduli ikihitaji kitanzi kimoja kwa majaribio yake yote, litajeni hilo juu ya faili, kwa maandalizi na kwa majaribio pamoja, na mstari mmoja ueleze kwa nini. Kisha endesheni majaribio kwa mpangilio wa kubahatisha, kwa chombo kama pytest-randomly, na kila jaribio liweze kupita likiwa peke yake. Lisiloweza, lirudishwe kwa mwandishi.

3. Jaribuni kukatika. Jaribio la programu itakayokuja huku lisilokata muunganisho katikati ya ombi halijaanza kazi. Tumieni asyncio.timeout, iliyokuja na Python 3.11, futeni kazi ikiwa njiani, kisha hesabuni: ripoti ni ngapi, malipo ni mangapi, na ni kazi gani iliyobaki ndani ya kitanzi. Jibu sahihi la swali la mwisho ni sifuri, isipokuwa mmeandika vingine.

4. Walimu, tajeni toleo katika kila mfano, na mkabidhi mfano pamoja na pakeji zake. Amri ya pip download hukusanya faili zote katika folda moja, folda hiyo hubebwa kwa diski ndogo mpaka Kabambare, na darasa zima husakinisha bila kununua hata megabaiti moja. Mnapohama kutoka 0.21 kwenda matoleo ya 1, waelezeni wanafunzi kilichobadilika badala ya kuwapa tu msimbo mpya.

5. Wanaoagiza programu, yaani mashirika na ofisi za serikali, msipokee alama za kijani peke yake. Daini ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, unaoeleza majaribio yaliendeshwa kwa upeo gani, nini kilishirikishwa baina ya majaribio, na nini hakikujaribiwa. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006. Mganga mkuu wa zoni na wasaidizi wake wana haki ya kuelewa kile walichokabidhiwa.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji mashine mpya wala bajeti mpya. Mistari miwili ya mpangilio huandikwa kwa dakika moja, na folda ya pakeji hujaa katika mchana mmoja. Kinachohitajika ni kukubali kwamba kupita kwa jaribio ni dai, na dai bila mipaka halikaguliki. Mpaka upeo wake uandikwe, nawaomba msiitume programu yoyote ya asinkroni Kasongo wala Kabambare kwa jina la programu iliyojaribiwa. Iiteni kwa jina lake halisi: programu ambayo watu wa huku ndio watakaoijaribu, kwa ripoti zao na kwa pesa zao. Hatukubali tena kuwa majaribio yenu.

Wenu kwa heshima na kwa matumaini ya majibu,

Mwandishi, Maniema ya kusini